Swali la Lugha: "Ameteuliwa tena" au "ameteuliwa upya"?

Swali: Natafsiri habari ya mwaka 2020 kuhusu Bunge la Marekani kumrudisha John Fahey kwenye bodi ya Taasisi ya Smithsonian, inayosimamia makumbusho ya taifa lile. Aliingia mara ya kwanza 2014. Niliandika: "Bunge limemteua upya Fahey kuwa mwanachama raia wa bodi." Mhariri kakata "upya", kaweka "tena". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Mhariri wako. "Upya" maana yake kuanza mwanzo kwa sababu cha kwanza kimefutwa au kimeharibika. Mahakama ikibatilisha matokeo, uchaguzi hufanywa upya. Anayesoma "ameteuliwa upya" atatafuta kasoro ya uteuzi wa 2014, na haikuwapo: miaka sita iliisha, akapewa mingine sita. Usikimbilie "ameongezewa muda" pia, maana hapo kipindi ni kile kile, kimerefushwa tu. Hata "kumrudisha" ulilotumia kwenye swali linadokeza kwamba alishaondoka.

"Tena" nalo likae jirani na kitenzi: "limemteua tena". Ukilipeleka mwishoni, "kuwa mjumbe wa bodi tena", ile dhana ya kuondoka na kurudi inaingia tena.

Lakini mhariri wako ameacha kosa kubwa zaidi, "mwanachama raia". Mwanachama hujiunga mwenyewe, akapewa kadi, akalipa ada. Anayeteuliwa kwenye bodi ni mjumbe. Najua huko Kenya wengi wakisikia "mjumbe" huwaza mbunge, ila "mjumbe wa bodi" halimpotezi mtu. Na hilo "raia"? Bodi ile ina watu 17: Jaji Mkuu, Makamu wa Rais, maseneta watatu, wajumbe watatu wa Baraza la Wawakilishi, na wengine tisa. Ukiwaita tisa hao tu "raia", Makamu wa Rais amekuwa mgeni? Kiswahili humtenga raia na askari, au na mgeni. Hakimtengi na mwanasiasa. Sema "mjumbe kutoka nje ya serikali".

Jambo moja la maana limekosekana kabisa. Hao tisa huteuliwa kwa azimio la pamoja la Seneti na Baraza la Wawakilishi, na Rais akilitia saini linakuwa sheria. Msomaji aliyezoea maazimio ya Bunge la Dodoma, ambayo hayapelekwi kwa Rais kama miswada, hawezi kulijua hilo usipomwambia.

Ningeandika hivi: "Kwa azimio lililotiwa saini na Rais, Bunge la Marekani lilimteua tena John Fahey kuwa mjumbe wa bodi ya Taasisi ya Smithsonian kutoka nje ya serikali, kwa kipindi cha pili cha miaka sita." Nafasi ikibana, kata "tena", acha "kipindi cha pili". Kanuni yao hairuhusu zaidi ya vipindi viwili mfululizo, kwa hiyo maneno hayo yanamwonyesha msomaji kuwa ndicho cha mwisho.