Ukipangiwa Narita, usiikimbilie Tokyo

Safari yangu ya kwanza ya Narita, mji wa Japani wenye uwanja mkubwa wa ndege, niliiharibu kwa tamaa ya Tokyo. Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini, binti wa Tanga aliyehamia Ghuba kuhudumu ndegeni, na siku rosta ilipotoka ikiwa na Japani ndani yake nilipiga kigelegele mpaka mwenzangu wa chumba akaamka. Tukatua jioni. Asubuhi yake nikapanda treni kwenda jijini, nikatembea mpaka miguu ikavimba, na wakati wa kurudi nikajitosa kwenye behewa la kwanza lililoandikwa uwanja wa ndege wa Narita, bila kuuliza linapitia wapi.

Kumbe njia ni mbili. Reli ya Keisei ina njia kongwe inayopita stesheni ya Keisei-Narita, katikati ya mji, na ina njia nyingine, Sky Access, inayokatiza mashambani hadi uwanjani bila kuugusa mji. Nikakaa dirishani nikiungoja mji, mji haukuja. Nikateremkia uwanja wa ndege na mifuko yangu ya ununuzi, nikasubiri basi la hoteli, nikalala kwa muda wa saa moja na robo tu, nikavaa sare.

Usiku ule, kabla ndege haijasogea, mwenzangu wa mlango wa pili aliniuliza kama nimeshautega mlango wangu, yaani kama ile slaidi ya dharura iko tayari. Nikamjibu, "Na maziwa kidogo." Hakucheka. Alivuka kuja upande wangu akaukagua mwenyewe, kisha akarudi kwenye kiti chake cha kukunja akafunga mkanda. Mlango ulikuwa umetegwa, lakini si kwa sababu nilikumbuka kuutega.

Kwa hiyo, wadogo zangu mnaoanza, kabla ya hekalu na vyakula tupige hesabu ya saa. Ndege niliyozoea kupangiwa huondoka Ghuba usiku wa manane, hutua Narita jioni, na kuondoka kesho yake mnamo saa nne na nusu usiku. Japani iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa sita. Ukiingia chumbani saa tatu usiku, mwili unahesabu saa tisa alasiri, ila kwa kuwa umekesha utalala fofofo. Halafu saa tisa usiku macho hayo, makavu kabisa. Wageni wengi hapo huanza kupigana na kitanda, simu mkononi, mpaka kunakucha, kisha wanalala asubuhi na kuamka wamechoka kuliko walivyolala. Usipigane. Amka, oga, shuka kwenye kile kiduka kinachokesha, nunua onigiri, lile bonge la wali lililofungwa kwa mwani, na chai ya moto ya chupa. Usingizi wa maana ni ule wa mchana, saa saba mpaka saa kumi na moja, kwa sababu ndio utakaokubeba usiku kucha ukiwa na abiria. Asubuhi ni yako. Na asubuhi hiyo haitoshi Tokyo, ambayo iko kilomita 60 hivi kutoka uwanjani. Inatosha Narita, tena inatosha vizuri.

Hoteli nyingi za karibu na uwanja zina basi la bure la kwenda mjini. Ukitangulia kabla halijaanza, treni ya Keisei au ya JR, shirika jingine la reli, kutoka uwanjani huchukua kama dakika kumi. Kutoka stesheni unafuata barabara moja tu, Omotesando, mita 800 hivi, inayopinda na kuteremka kati ya maduka ya mbao mpaka lango la hekalu. Alfajiri maduka yamefungwa na unasikia viatu vyako mwenyewe. Wengine hawapendi, mimi ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote, maana mchana mteremko ule hujaa watu.

Hekalu lenyewe ni Naritasan Shinshoji, la Kibuddha, la madhehebu ya Shingon, na lilianzishwa mwaka 940. Enzi hizo mbabe wa mashariki aitwaye Taira no Masakado alikuwa ameasi. Mtawa Kancho akatumwa kutoka mji mkuu wa wakati ule, Kyoto, na sanamu ya Fudo Myoo, yule mlinzi wa Kibuddha mwenye uso wa ghadhabu aliyezungukwa na moto, akafanya ibada ya moto kwa siku 21. Masakado akauawa, hekalu likabaki. Lakini Masakado naye ana wapenzi wake: katika hekalu la Kanda Myojin, Tokyo, anatukuzwa, na kuna waumini wa huko ambao mpaka leo hawakanyagi Narita. Ugomvi wa miaka elfu moja na zaidi, na bado watu wana upande.

Ibada hiyo ya moto, goma, hufanyika kila siku, mara kadhaa, na ya kwanza ni asubuhi na mapema. Usiikose. Unavua viatu, unaketi ukumbini, ngoma inapigwa kwa nguvu mpaka unaisikia kifuani, na katikati mtawa anarundika vijiti vya mbao mwali unapanda. Humo ndani hakuna kupiga picha, na simu inayolia huko ni aibu ya mwaka. Mwishoni watu hupeleka mikoba yao ipitishwe kwenye moto ule ipate baraka. Mimi ni Mkristo, sikuwa nimekwenda kuabudu, ila nilipeleka mkoba wangu wa kazini, na harufu ya moshi ilikaa kwenye kamba ya kitambulisho mpaka tuliporudi.

Adabu ni chache. Kwenye birika la maji unaosha mkono wa kushoto kwa ile kata, kisha wa kulia, kisha unasukutua kwa maji uliyomimina kiganjani. Usiweke kata mdomoni. Mbele ya ukumbi unatupa sarafu, unaunganisha viganja kimya, unainama. Usipige makofi. Makofi ni ya mahekalu ya Shinto, dini ya asili ya Japani, na kila mwezi namwona mgeni aliyejifunza kwa video akipiga makofi mawili mbele ya Fudo huku mabibi wa Kijapani wakitazama chini kwa heshima.

Ukimaliza, zunguka nyuma. Kuna pagoda ya ghorofa tatu ya mwaka 1712, imechorwa na kunakshiwa kila ubao, na nyuma zaidi bustani kubwa yenye madimbwi. Tembea taratibu hapo. Mwanga wa asubuhi machoni husaidia mwili kujua uko wapi, na hiyo ni sehemu ya kazi pia.

Saa nne maduka yameamka na ndipo utamwona mkunga. Sisemi mkunga wa kuzalisha. Nasema yule samaki mrefu kama nyoka. Zamani aliletwa kutoka mto Tone na ziwa Inba, akawa chakula cha mahujaji. Barabarani kabisa, mbele ya macho yako, fundi anamgongomelea kichwa kwenye ubao, anampasua mgongoni kwa mkono mmoja wa kisu, na kumtupia mwenzake achome mishikaki. Mgongoni, si tumboni: hiyo ndiyo desturi ya upande wa Tokyo, na wanasema ni kwa sababu kupasua tumbo kuliwakumbusha samurai mambo mabaya. Kisha anatiwa mvuke, anachomwa kwa mkaa, anachovywa kwenye sosi nyeusi tamu, anawekwa juu ya wali kwenye kisanduku chenye rangi inayong'aa. Bei inaweza kupita yeni 3,000, na hiyo ni sehemu nene ya posho yako ya siku. Mimi nailipa kila safari bila kujuta. Rafiki yangu wa Unguja hamli mkunga huyo, maana sosi ile hutiwa mirin, mvinyo mtamu wa mchele. Yeye hununua yokan, jeli nzito ya maharage mekundu, sukari na mwani, na anasema inamkumbusha halua. Hainikumbushi halua hata kidogo, lakini sibishani na Mzanzibari juu ya halua.

Mambo mawili ya forodha, haraka. Usishuke ndegeni na sandwichi yenye nyama, hata ile uliyopewa kazini. Japani haichezi na nyama kutoka nje na faini zake ni za kutisha. Na dawa za mafua zenye pseudoephedrine kwa wingi haziruhusiwi kuingia, hata kama dukani kwenu zinauzwa kama peremende. Soma karatasi ya dawa ukiwa bado nyumbani.

Saa sita mchana uwe unarudi hotelini. Funga mapazia, weka kengele mbili. Basi la wahudumu halisubiri mtu, na Narita kuna sababu ya ziada: uwanja una marufuku ya ndege kuruka usiku wa manane kwa ajili ya kelele kwa wakazi. Uwanja huo ulipiganiwa sana. Wakulima wa Sanrizuka walipinga kunyang'anywa ardhi tangu serikali ilipotangaza mahali pake mwaka 1966, na ulifunguliwa Mei 1978, miezi miwili baada ya wapinzani kuvamia mnara wa kuongozea ndege na kuvunjavunja mitambo yake. Kwa hiyo ndege ya saa nne na nusu ikichelewa mno kwa sababu ya mhudumu mmoja aliyepotea kwenye treni, inaweza kulala hapohapo, na abiria wote watataka kujua jina lako.

Ukipata nafasi kabla ya kuondoka Omotesando, nunua yokan ya kuri, zile njugu kubwa ziitwazo chestnut, kwa ajili ya wenzako wa jiko la nyuma. Mwenzangu wa mlango wa pili huwa namkatia kipande cha kwanza.