Wadogo zangu mnaochukua nyayo za mbwa na paka waliokufa ziwe kumbukumbu kwa wenyewe, njooni tuongee

Jana nimemsikia mmoja wenu akimwuliza mama wa watu, paka wake hata hajapoa mezani, kama fremu anaitaka ya dhahabu au ya fedha. Nikanyamaza kwa sababu ya wateja. Leo sinyamazi.

1. Unyayo uchukuliwe mapema, kwa glavu. Mwili ukishakakamaa vidole havifunguki, na kuvilazimisha mbele ya mwenye mbwa ni ukatili. Mnyama anayeshukiwa kichaa cha mbwa haguswi kwa ajili ya kumbukumbu: si unyayo, si manyoya, mtoto alie vipi.

2. Mlioleta unga wa ngano na chumvi wa kufinyangia unyayo, acheni. Mvua za mwezi wa nne Kampala zikianza, chumvi inavuta unyevu, unyayo unalegea ukutani. Usipolegea, panya wanautafuna. Jamani, panya kula unyayo wa paka! Kandamizeni mguu kwenye udongo laini, kisha mmimine plasta. Maji kwanza, unga wa plasta juu yake. Mabaki msimwage kwenye sinki, fundi bomba ametuchoka.

3. Kisanduku cha kuwekea unyayo. Nilipoanza kazi hii nilijiona msanii. Akaja binti mmoja wa Ntinda, mbwa wao Simba amekufa kwa uzee. Unyayo ukatoka vizuri ajabu, hata kovu la kidole cha pembeni likaonekana. Nikatandika kisanduku kwa lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba, maana watalii wanaipenda, nami nikaona hiyo ndiyo Uganda yenyewe. Sikumwuliza mtu. Nikakipeleka mwenyewe, akakipokea jaja yake, yaani bibi yake. Akafungua, akapitisha kidole juu ya lile gome, akafunga. Akaniuliza kwa upole: “Mwanangu, mbwa mmemvika lubugo?”

Mimi mtoto wa Arua. Habari za mti wa mutuba nilizijua, na kwamba UNESCO ilizitambua kazi za lubugo mwaka 2005. Maneno ya kuwaambia wageni. Kwamba Waganda huzungushia maiti zao lubugo, hilo sikulijua, wala sikujua kuwa bibi yule alikuwa amemzika mumewe majuzi tu. Binti akaanza kulia upya, na safari hii hakuwa akimlilia mbwa. Sikupata pa kuuweka uso. Nikarudi na kisanduku changu kwenye boda, nikakitandika kipande cha shuka kuukuu alilolalia Simba. Hicho bibi alikinusa, akacheka, akasema bado kinanuka mbwa.

Kwa hiyo ulizeni: nani atakiona, kitakaa wapi? Kuna nyumba za Kiislamu ambako paka analala kitandani na mbwa hapiti mlangoni. Mtoto anautaka unyayo wa mbwa, baba hautaki sebuleni. Tengenezeni kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo, mambo yaishe.

4. Manyoya: kateni nyuma ya shingo, pasipoonekana, muoshe, mkaushe kabisa, mfunge uzi. Lebo ibandikwe papo hapo. Tulishapata paka weupe wawili siku moja. Muulizeni wa mapokezi, mimi sitaki hata kulitaja.