Nyonga inauma usiku? Toa hiyo mbao chini ya godoro

SWALI: Nina miaka 54. Mgongo wa chini na nyonga ya kulia, upande wa nje, vinaniuma zaidi usiku. Nikilalia kulia siendi saa moja. Nikigeukia kushoto, bado ni nyonga ileile ya kulia inayouma. Nimeambiwa nilale sakafuni au niweke mbao chini ya godoro ili mgongo unyooke. Mchuaji naye anasema nyonga imehama na atairudisha. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate lolote kati ya hayo, na kama mbao umeshaiweka, iondoe leo.

Hili la kitanda kigumu halichoki kurudi. Uti wa mgongo haujaumbwa kuwa mstari. Una mikunjo yake, na kitanda hakina kazi ya kuunyoosha. Ukilala ubavu kwenye kitu kigumu, uzito wote unabebwa na bega na nyonga huku kiuno kikining'inia. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania wa watu 313 wenye maumivu sugu ya mgongo: wengine walipewa godoro gumu, wengine la ugumu wa kati. Baada ya siku 90, wa ugumu wa kati walikuwa na nafuu zaidi, kitandani na wakati wa kuamka. Miaka mingi imepita na mbao bado inasifiwa.

Jipime hivi: lala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita na nafasi ikabaki, godoro ni gumu mno. Tandika juu yake sponji la sentimita 3 hadi 5 au blanketi nene lililokunjwa. Kikigoma kupita na makalio yamezama, godoro limechoka. Mbao inafaa pale tu chaga zimelegea na godoro linabonyea katikati.

Sasa nyonga. Upande wa nje, juu ya paja, kuna nundu ya mfupa ambako kano za misuli ya makalio hujishikiza. Kwa maelezo yako nashuku kano hizo, ingawa lazima upimwe. Kano iliyochoka haipendi kubanwa. Ukiilalia, inabanwa na godoro. Ukilalia upande wa pili, mguu wa juu huangukia mbele, goti linagusa godoro, na kano inavutwa na kubanwa kwenye nundu ileile. Ndiyo maana kugeuka hakukusaidii.

Lalia kushoto, magoti yakunjwe kidogo, yasipande kifuani. Weka mto katikati ya miguu kuanzia gotini mpaka kwenye kifundo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanabana kimto kidogo magotini, unyayo unabaki chini, paja linajipinda usiku kucha. Goti la juu liwe kimo kimoja na nyonga ya juu. Kwa kawaida inahitaji mito miwili. Kumbatia mto mwingine ili kifua kisilale mbele, na uwazi wa kiuno ujaze kwa taulo iliyokunjwa. Ukichoka ubavu, lala chali na mto wa sentimita 15 hadi 20 chini ya magoti. Unapogeuka, bana mto kwa magoti, mabega na nyonga viende pamoja.

Mchana usikae umekunja nne wala kusimama ukiegemea mguu mmoja. Na lile zoezi la kuvuta goti kuelekea bega la upande wa pili, acha; linabana kano hiyohiyo. Kinachoiponya ni kuimarisha misuli ya makalio polepole, kwa wiki nyingi, ukiongozwa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Kuhusu mchuaji: nyonga iliyohama kweli haikuruhusu kutembea kwenda kwake. Hutokea zaidi kwenye ajali kubwa, au kwa mwenye nyonga ya bandia, na hurudishwa hospitalini. Anachofanya yeye ni kukandamiza kwa kiwiko kano ambayo tayari inalalamika kubanwa. Kwa mwenye mifupa iliyopungua uimara, kuvutwa ili eti nyonga irudi kunaweza kuvunja mfupa.

Tena wapo wanaochuliwa miezi mitatu kwa maumivu yasiyokuwa ya kuchuliwa hata siku moja. Maumivu ya usiku yasiyobadilika kwa mlalo wowote, yakiambatana na homa, kukonda bila sababu au historia ya saratani, yanahitaji daktari na vipimo. Mtu mzima aliyeanguka na sasa kinena kinamuuma akikanyaga, apigwe eksirei kabla mtu hajamgusa. Na mkojo ukigoma kutoka au kutoka bila kujijua, au ganzi ikiingia sehemu za siri na pale pa kukalia, nenda hospitali usiku huohuo, maana mishipa ya fahamu inabanwa na saa chache zina uzito. Ukifika mapokezi taja mkojo na ganzi kwanza. Ukisema tu mgongo unauma, utawekwa mwisho wa foleni.