Kujiandaa na Kilimanjaro ukiwa Mtwara

Ndugu, kujiandaa na Kilimanjaro ukiwa Mtwara inawezekana, ila mwinuko hutauzoea huku, tuko usawa wa bahari. Huo utauzoea mlimani penyewe, kwa hiyo chukua njia ya Lemosho ya siku 8, achana na njia ya Marangu ya siku 5. Lemosho unapanda hadi mwamba wa Lava Tower, kama mita 4,600, kisha unashuka kulala kambi ya Barranco, chini ya 4,000. Mwili unapata nafasi ya kuzoea.

Miguu ndiyo ya kuandaa huku. Nenda Newala, shuka ukingo wa uwanda wa Makonde kuelekea bonde la Ruvuma, begi limejaa maji, upande tena, na kesho yake urudie. Kushuka usikudharau, tafadhali! Magoti na kucha za miguu huumia zaidi ukitoka kileleni. Kata kucha mapema, kaza kamba za kiatu kifundoni.