Matone ya Presha ya Macho: Kichupa Kuisha Kabla ya Siku Zake

SWALI: Mama ana miaka 68 na anaugua presha ya macho. Alipewa latanoprost, tone moja kila jicho usiku. Kichupa huisha kwa wiki mbili, kisha anakaa bila dawa hadi pesa ipatikane. Husema anaona vizuri tu. Siku chache kabla ya kliniki tunanunua kingine, na akipimwa presha iko sawa. Je, kuna hatari?
Msomaji, Ahero

JIBU: Ipo, na ni kubwa. Presha ya macho, yaani glakoma, huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, bila maumivu, na mara nyingi huanza kula uoni wa pembeni. Mama bado atasoma Biblia yake vizuri, lakini bodaboda inayotokea ubavuni asiione. Uoni uliopotea haurudi, hata kwa upasuaji.

Kipimo cha kliniki nacho kinawapoteza. Tone moja hushusha presha kwa takriban saa 24. Akiweka siku chache kabla ya kwenda, mashine itasoma vizuri, lakini haitaonyesha zile wiki alizokaa bila dawa. Mwelezeni daktari ukweli wote. Asipoujua, ataona mshipa unazidi kuharibika ilhali presha ni nzuri, na huenda akaongeza dawa nyingine au akapendekeza upasuaji mapema.

Tuje kwenye kichupa chenyewe. Kile cha mililita 2.5 hutoa matone kama 80. Kwa matone 2 kila usiku, kinatosha siku 40 hivi. Kikiisha kwa siku 14, mama anatumia karibu matone 6 kila usiku, na manne yanaishia shavuni. Jicho halina nafasi ya kushika hata tone moja zima, kwa hiyo la pili ni pesa inayomwagika.

Anawe mikono, alale chali, avute kope ya chini ifanye kifuko, atazame juu, kisha abonyeze mara moja bila ncha kugusa jicho. Afumbe macho taratibu na akandamize kona iliyo karibu na pua kwa dakika 2, dawa isiteremkie puani. Mkono ukitetemeka, auegemeze kwenye paji la uso, au bora zaidi mjukuu amwekee.

Bei ikiwalemea, msinyamaze. Muulizeni daktari kuhusu timolol, matone mengine ya presha ya macho, ambayo kwa kawaida ni nafuu. Lakini kama mama ana pumu au mapigo ya moyo ya polepole, tajeni hilo kwanza, kwa sababu timolol inaweza kumbana pumzi au kuyapunguza mapigo zaidi.

Kichupa cha latanoprost kisichofunguliwa kwa kawaida huwekwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kikifunguliwa hudumu wiki 6 katika joto lisilozidi nyuzi 25, na mchana wa Ahero hupita hapo mara nyingi, seuze ndani ya nyumba ya mabati. Andikeni tarehe ya kukifungua juu yake. Bila friji, msinunue viwili kwa pamoja.

SWALI: Nikisahau tone la usiku, niweke mawili kesho?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Hapana. Endelea na tone moja usiku unaofuata. Latanoprost ikiwekwa zaidi ya mara moja kwa siku, nguvu yake inaweza kupungua. Ili usisahau, iweke kila siku taarifa ya habari ya saa moja inapoanza, kabla hujaketi kula.