Ukifika, Tujulishe: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Safari Ndefu za Baiskeli

Wiki iliyopita vijana watatu walirejea Moshi kutoka Dodoma kwa baiskeli, takriban kilomita 500 kupitia Kondoa, Babati na Arusha, nami nikawakuta kwa fundi pale Majengo wakinyooshewa rimu. Walinisimulia milima, upepo na pancha zote, moja baada ya nyingine. Nilipowauliza usiku wa pili walilala kwa nani, mmoja akajibu, "Kwa mzee mmoja hivi, alikuwa mkarimu sana." Jina hawakulijua, namba ya simu hawakuichukua, na tangu waondoke kwake alfajiri hawakumpelekea habari yoyote. Ninawapenda vijana hawa, na miguu yao sasa ina nguvu kuliko yangu, lakini niliudhika, kwa sababu kosa hilo nililifanya kabla yao na ninajua lilimgharimu nani.

La kwanza, msibishe hodi gizani. Ingieni kijijini saa kumi au saa kumi na moja jioni, mwende moja kwa moja kwa mwenyekiti au mtendaji, mwoneshe vitambulisho na mseme mtokako na mwendako. Wengi wenu mnairuka hatua hii mkidhani ni usumbufu, ilhali mwenye nyumba atakayewapokea bila uongozi kujua ndiye atakayehojiwa kesho yake, nanyi mtakuwa mmekwisha kufika wilaya nyingine. Niliwahi kufika Minjingu saa mbili usiku. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kufunika makaa, akayafukua upya na kunisongea ugali. Asubuhi ndipo nilipojua kwamba, wakati mimi ninakula, alimtuma mwanawe wa kiume kwa balozi wa nyumba kumi akatoe taarifa yangu, kwa miguu, kwenye giza, katika ukanda ule wa Kwakuchinja ambako tembo hupita kati ya Tarangire na Manyara. Kuchelewa kwangu kwa saa tatu kulimtembeza kijana wa watu kwenye njia ya tembo.

La pili, mkikaribishwa chakula, nawa, keti, ule. Sukari, majani ya chai au sabuni mpeni mama wa nyumba mnapoingia, si mnapoondoka, kwa kuwa zawadi ya kuondokea hufanana na malipo ya chumba.

La tatu, bebeni tyubu mbili na viraka vya kutosha, hasa tambarare za Mwanga na Same na kuanzia Makuyuni kwenda mbele, ambako miiba ya migunga haina huruma. Mtoto wa mwenyeji asikose shule kwa kutumwa kuwatafutia fundi.

La nne ndilo lililonifanya niandike. Desemba 2011 nilikwenda Dodoma peke yangu. Kipande cha Babati hadi Dodoma, kilomita 251, kwa sehemu kubwa kilikuwa bado cha udongo. Lami yake ilizinduliwa mwaka 2018, kwa hiyo nyinyi mnaoserereka pale leo hamkuyaona yale matope. Nilifika Bereko jua likizama, mnyororo umeshikana kwa tope jekundu, na mzee wa Kirangi, ambaye jina lake ninalijua hadi la babu yake ingawa silitaji hapa bila ruhusa yake, akanipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti, kisha kwake. Mkewe alinichemshia maji ya kuoga, mtoto wao akanipisha kitanda, na asubuhi nikafungiwa viazi vitamu vya njiani. Mzee aliandika namba yake kwenye kipande cha boksi la sabuni, akaniambia, "Mwanangu, ukifika Kondoa, tujulishe." Yangu hakuiomba, nami sikumpa. Niliitikia, "Sawa, baba," kama tunavyoitikia maneno yote ya kuagana.

Nilifika Kondoa jioni, nimelowa, simu imezima. Niliichaji, nikampigia rafiki yangu wa Moshi, nikalala. Kesho yake nilikiona kile kipande cha boksi mfukoni, nikajiambia kwamba mzee yuko shambani, nitampigia nikiwa Dodoma. Dodoma nilifika, na sikupiga. Sikuwa nimesahau, na ninataka mlielewe jambo hili: nilikuwa na namba, chaji na vocha, nikaamua moyoni kwamba neno lake lilikuwa adabu tu.

Wiki tatu baadaye nilirudi kwa basi, nikashuka Bereko na kilo mbili za sukari. Mama alinishika mikono yote miwili mlangoni, akalia, ndipo nikaelezwa. Pale kwao mtandao ulipatikana kilimani tu, na mzee alipanda huko jioni mbili mfululizo kuisubiri simu yangu. Siku ya tatu utingo wa lori akaleta habari kwamba mwendesha baiskeli amegongwa mteremkoni. Mzee akadandia lori hadi Kolo, akawauliza wanaowapeleka wageni kwenye michoro ya miambani, ile iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, akitumaini kwamba nilisimama kuitazama. Akaendelea hadi Kondoa mjini, akapita nyumba za wageni na zahanati, na mwisho akaomba kuoneshwa chumba cha maiti. Fedha alizotumia zilikuwa za mbegu za alizeti, na mvua zilikuwa zimekwisha kuanza. Mwaka ule shamba lake lilipandwa nusu.

Aliporudi kutoka shambani aliitikia shikamoo yangu, akanitazama mikono na miguu kana kwamba anaihesabu, akauliza, "Kwa hiyo ulifika?" Hakunigombeza. Fedha alizikataa. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Mimi nililiomba siku ile ile, nikapalilia naye siku nne, na nilijua kwamba siku nne hazirudishi msimu.

Kwa hiyo andikeni jina kamili la mwenyeji, kitongoji chake na namba yake katika daftari la karatasi, maana simu huzima. Mwachieni na namba yenu pia. Mkifika, pigeni kabla ya kuvua viatu. Na kama hapatikani, mpigieni mwenyekiti aliyewapokea, apeleke salamu.

Jana jioni wale vijana watatu walikuja nyumbani. Wanakumbuka kwamba nyumba ya mzee wao ina mwembe mkubwa mbele na trekta bovu ubavuni, na dereva wa basi la Babati amekubali kuulizia kituoni.