Je, kaa wa mikoko anaweza kuishi katika Ziwa Kivu?

SWALI: Mhariri, ndugu yangu aliyefika Mombasa alinisimulia kuhusu kaa wakubwa wa baharini. Je, hatuwezi kuwafuga hapa Ziwa Kivu? – Msomaji, Bukavu

JIBU: Ndugu msomaji, inaelekea aliona kaa wa mikoko, ambaye wataalamu humwita Scylla serrata. Gamba lake huweza kufikia upana wa sentimita 28, na magando yake yana nguvu za kuvunja makombe. Makao yake ni misitu ya mikoko na midomo ya mito ya Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki, ambako huchimba mashimo katika tope na kutoka usiku kutafuta konokono, chaza na kaa wenzake.

Kaa mkubwa huvumilia maji yenye chumvi kidogo, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kizuizi kiko katika uzazi: jike aliyebeba mayai, ambayo huweza kupita milioni moja, huacha mikoko na kwenda baharini, kwa sababu viluwiluwi wake huhitaji chumvi ya bahari na huelea humo kwa majuma kadhaa kabla ya kurudi pwani. Kivu haina chumvi ya kiasi hicho.

Kaa wadogo wa mito ya kwetu, wa jamii ya Potamonautes, hawasumbuliwi na jambo hilo, kwani mayai yao huangua kaa kamili, wadogo mno, ambao mama huwabeba chini ya tumbo.